Mairan, kifauongo na saa ya mwilini
Hapa Changamwe nina majirani wengi wa shifti ya usiku. Hurudi alfajiri wamechoka, na usingizi hauji. Mimi humkumbuka Jean-Jacques de Mairan, mwanasayansi wa Ufaransa, aliyezaliwa Béziers mwaka 1678 na kufariki Paris mwaka 1771. Mwaka 1729 aliuweka gizani mmea wa jamii ya kifauongo. Majani yakazidi kufunguka mchana na kujikunja usiku, bila kuliona jua. Waliomfuata walithibitisha kuwa mwili wa binadamu nao una saa yake, na mwanga huirekebisha kila siku. Basi ndugu utokaye kazini, kinga macho na jua, ulale penye giza. Nasi majirani tupunguze redio.