Malkia Victoria na damu isiyoganda

Wengi wetu tuliosomea uhamishoni Tanzania tulimjua Malkia Victoria kwa sababu ya ziwa tu. Mwingereza John Speke alilifikia mwaka 1858 akalipa jina la malkia wake, kana kwamba halikuwa na majina tayari. Baadaye nilimkuta kwenye somo la biolojia, ndani ya mchoro wa ukoo, na tangu nianze kufundisha sijapata mfano wa kuushinda.

Alizaliwa London Mei 24, 1819, akarithi ufalme mwaka 1837 akiwa na miaka 18. Mwaka 1840 aliolewa na binamu yake Mjerumani, Albert, wakajaliwa watoto tisa. Wa nane, Leopold, alizaliwa na hemofilia: damu yake haikuganda vizuri, na jeraha dogo lilimlaza kitandani. Mama alimlinda kama yai, akamkataza mengi. Kijana alibishana naye mpaka akaruhusiwa kwenda kusoma Oxford. Mwaka 1884 aliteleza akaanguka huko Cannes, Ufaransa, akafariki akiwa na miaka 30.

Sasa chukua karatasi, msomaji. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke. Mstari wa kulala unaunganisha mume na mke, wa kusimama unashuka kwa watoto. Mgonjwa mpake wino mweusi. Mwanamke anayebeba ugonjwa bila kuugua mtie nukta. Ukichora ukoo wa Victoria, utaona weusi uko kwenye miraba tu, na juu ya kila mraba mweusi kuna mama mwenye nukta.

Kasoro hiyo iko kwenye kromosomu X. Mwanamke anazo mbili, ile nzima humkinga. Mwanamume anayo moja, na hupewa na mama. Kila mtoto wa kiume wa mama mwenye nukta ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuugua, na kila binti nusu kwa nusu kuibeba. Baba mgonjwa hampi mwanawe wa kiume, ila mabinti zake wote huibeba.

Sisi tuliorejea tunajua kuhesabu mababu wa upande wa baba, maana ndivyo tulivyojieleza kila tulipoulizwa sisi ni akina nani. Hapa hesabu hiyo haifai kitu. Mtoto wa kiume akivuja damu siku nzima baada ya kutahiriwa, daktari atauliza habari za wajomba. Mama aliyekulia kambini bila ndugu atajibu nini? Nje watu wameshaanza kunong'ona uchawi.

Edward, mrithi wa Victoria, hakuipata kasoro hiyo, kwa hiyo haikushuka kwa wafalme wa Uingereza waliomfuata. Ilisafiri na mabinti. Mjukuu wake mmoja, binti wa Beatrice, aliolewa na mfalme wa Hispania mwaka 1906, na wana wao wawili waliugua. Alice, aliyeolewa Ujerumani, alimpoteza mwanawe Friedrich wa miaka miwili mwaka 1873, alipoanguka dirishani. Binti ya Alice, Alix, aliolewa na mfalme wa Urusi, Nicholas II, akamzaa Alexei mwaka 1904, naye mgonjwa. Familia hiyo iliuawa mwaka 1918. Wanasayansi waliopima mifupa yao walitangaza mwaka 2009 kwamba ilikuwa hemofilia B.

Victoria alifariki Januari 22, 1901, baada ya miaka 63 kwenye kiti. Alexei hakumwona.