Mohamed Amin, Bwana Kamera

Mwaka huu nimechagua kuwasimulia maisha ya marehemu Mohamed Amin, ambaye wengi walimwita Mo tu. Huenda mtauliza, mtu wa Nairobi atuhusu nini sisi wa Ndhiwa? Ngojeni kidogo, nitafika Rusinga.

Mo alizaliwa Nairobi mwaka wa 1943, akakulia Dar es Salaam. Akiwa bado mwanafunzi kama sisi, alijipatia kamera ya boksi aina ya Brownie. Ilikuwa sanduku hasa: kioo kidogo mbele, mkanda nyuma, basi. Nyinyi mliozoea simu mtashangaa, kwa maana siku zile ukishapiga picha huioni. Mkanda ulipelekwa kwenye chumba cha giza, ukaoshwa kwa dawa, ikatokea negativu, yaani picha iliyogeuka: uso mweusi unakuwa mweupe na shati jeupe linakuwa jeusi. Halafu mwanga ulipitishwa kwenye hiyo negativu hadi kwenye karatasi maalum, nayo ikatiwa dawa, ndipo sura ikajitokeza polepole. Mtu akifungua mlango wakati huo, kwisha kazi!

Mwaka wa 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix, hukohuko Dar. Mwaka wa 1966 alikamatwa Zanzibar kwa sababu ya kazi yake, akakaa gerezani karibu mwezi mzima. Baadaye makao yake yakawa Nairobi.

Sasa tufike Rusinga. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga, katika kaunti yetu hii ya Homa Bay, alipigwa risasi nje ya duka la dawa mjini Nairobi. Mo alifika upesi sana. Alipiga picha za kawaida na za sinema pia, huku watu wakihangaika kuokoa maisha ya Mboya. Picha hizo zilizunguka dunia na kumpatia tuzo kule Uingereza.

Najua wapo watakaosema ni ukatili: mtu anakata roho, wewe unatafuta mwanga mzuri! Mimi pia jambo hili limenikosesha raha. Lakini Mo hakuwa daktari. Kama angeiweka kamera chini, Mboya asingepona, na sisi tuliozaliwa miaka mingi baadaye tungebaki na masimulizi ya wazee peke yake. Tena tazameni yaliyotokea Ethiopia. Mnamo Oktoba 1984 alikwenda Korem pamoja na Michael Buerk wa BBC, akakuta maelfu ya watu wanakufa njaa. Hapo tena akapiga picha. Zilipoonyeshwa tarehe 23 mwezi huo, dunia iliyokuwa imelala iliamka. Pesa zikachangwa, chakula kikapelekwa, na tarehe 13 Julai 1985 wanamuziki wakafanya tamasha kubwa la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Jamani, ni mkono gani mtupu ungeweza kulisha watu wote wale?

Mkono wenyewe aliupoteza. Mwaka wa 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake John Mathai, aliyekuwa akinasa sauti, aliuawa, na Mo akakatwa mkono wa kushoto. Wengi walidhani amekwisha. Wapi! Alifungwa mkono wa bandia, akarudi kazini.

Alifariki tarehe 23 Novemba 1996. Ndege ya Ethiopian Airlines aliyokuwa akisafiria kuelekea Nairobi ilitekwa nyara, mafuta yakaisha, ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Komoro. Watu 125 walikufa, akiwemo pia Brian Tetley, aliyekuwa ameandika kitabu juu ya maisha ya Mo. Ufuoni palikuwa na mtalii mwenye kamera ya video. Aliielekeza kwenye ndege hiyo, na ndiyo sababu mpaka leo tunaweza kuiona ikigusa maji.