Shaka la Krapf na kaburi la Kisauni

Vitabu vyetu vya shule humtaja Johann Ludwig Krapf kama Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba 1849, na kama mtangulizi wa sarufi na kamusi ya Kiswahili. Asomaye hayo hudhani mtu huyu alizaliwa na imani kamili, kama kobe na gamba lake. Maisha yake yaonyesha vingine.

Alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani. Akiwa na miaka 17 aliingia chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, na mwaka 1829 akaondoka. Alikuwa amezama katika maandishi ya akina Jakob Böhme na Madame Guyon, akaanza kujiuliza iwapo kweli ameitwa kwenda kuhubiri ng'ambo. Angeweza kunyamaza na kuendelea kula chakula cha chuo. Badala yake alirudi kwao, akasoma theolojia Tübingen hadi 1834, na ikapita muda kabla ya Mswidi Peter Fjellstedt kumshawishi ajiunge na CMS, chama cha wamisionari cha Kanisa la Uingereza. Wako wanafunzi wangu, wengine wa Likoni na Changamwe, ambao hunijia faraghani na maswali ya imani wasiyothubutu kuyatamka kanisani. Hao huwasimulia habari ya Basel.

Mwaka 1837 alikwenda Ethiopia, hakudumu. Baadaye alipotaka kurudi, mlango ulikuwa umefungwa. Binti yake wa kwanza alizaliwa njiani, nyikani, akafa. Walimwita Eneba, yaani chozi. Januari 1844 alifika Unguja, Sayyid Said akampa barua ya ruhusa, na Mei akahamia Mombasa na mkewe, Rosine. Tarehe 13 Julai Rosine alifariki kwa homa, siku chache baada ya kujifungua; mtoto naye akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni, na kaburi lipo hadi leo.

Aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni ishara kuwa pambano limeanza katika sehemu hii ya Afrika. Barua hiyo imezoeleka kusomwa kama tangazo la ushindi. Mimi huisoma kama maneno ya mtu aliyejihubiria mwenyewe kwanza.

Lakini linalonivutia zaidi, mimi mwanaisimu, ni kazi aliyoirudia. Tangu Juni alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa Ali bin Mohiddin, kadhi wa Mombasa. Hebu fikiri: Mkristo aliyefiwa na kadhi Mwislamu wakilitafuta neno moja. Kutafsiri hakuruhusu imani ya kukariri. Roho ni nini? Neema je? Dhambi je? Kila neno ulilodhani unalijua tangu utotoni hukurudia likiwa swali, na huwezi kuliandika mpaka ujue wewe mwenyewe unaamini nini.

Iko shaka ya namna nyingine. Rebmann, mwenzake wa Rabai, alipoiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London, aliikana kwa miaka mingi. Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika. Alitilia shaka kila jambo isipokuwa ramani yake mwenyewe.

Matunda ya Krapf yalikuwa machache mno. Wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu, aliyebatizwa akikaribia kufa. Ugonjwa ulimwondoa Krapf pwani mwaka 1853 huku Rabai ikiwa karibu haina waumini. Hata hivyo, mwaka 1862 alirudi kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, ingawa afya haikumruhusu kukaa.

Kamusi yake ilitoka London mwaka 1882, naye hakuiona. Alifariki Novemba 1881 huko Korntal, Ujerumani. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake.