Mwalimu Nyerere na Picha ya Udongo: Namna ya Kuusoma Muungano

Bariadi, Simiyu

Katika madarasa na ofisi nyingi za umma nchini huonekana picha ya Baba wa Taifa, Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Ni picha halisi, lakini husomeka kama katuni ya kisiasa: jambo kubwa la nchi limewekwa katika alama chache, na mtazamaji huachiwa kazi ya kufasiri.

Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama, mkoani Mara, tarehe 13 Aprili 1922, akiwa mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge, Tabora, Makerere na baadaye Chuo Kikuu cha Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilianzishwa chini ya uongozi wake.

Usukumani, ambako Bariadi wakati huo ilikuwa sehemu ya Maswa katika Jimbo la Ziwa, Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku shughuli za TANU hadi mwaka 1958. Hata hivyo, wakulima wa pamba walikwisha kujifunza nguvu ya umoja. Walichoshwa na mizani ya wanunuzi, wakajiunga katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya Paul Bomani. Kila chama kilibaki na wanachama na viongozi wake, ila bei na soko vilitafutwa kwa pamoja.

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Zanzibar ilifanya Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, na tarehe 22 Aprili mwaka huohuo Mwalimu Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume walitia saini Mkataba wa Muungano mjini Zanzibar. Muungano ulianza rasmi tarehe 26 Aprili. Kesho yake, katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, viongozi hao walibadilishana hati.

Hapo ndipo ufasiri unapohitaji uangalifu. Udongo uliokwisha kuchanganywa hautenganishiki, na anayeitazama picha hiyo peke yake anaweza kudhani kuwa kila kitu kiliyeyuka na kuwa kimoja. Mkataba haukusema hivyo. Ulitaja mambo 11 ya Muungano na kuiachia Zanzibar Serikali yake kwa mambo yasiyo ya Muungano. Tena, katika picha ya udongo mkono unaotenda ni wa Mwalimu. Katika picha ya kubadilishana hati wapo viongozi wawili wanaokabiliana kwa hadhi sawa. Picha ya kwanza inaonyesha azma, ya pili inaonyesha makubaliano. Atakayeichukua moja na kuiacha nyingine atakuwa amesoma nusu ya historia.

Mwalimu mwenyewe aliishi na pande zote mbili za maana hiyo. Mwaka 1977 aliongoza kuunganishwa kwa TANU na Afro-Shirazi kuwa Chama Cha Mapinduzi, na mwaka 1984 mjadala mkali kuhusu muundo wa Muungano ulitokea akiwa bado madarakani. Aling'atuka urais mwaka 1985, akafariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama.

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, una vijana wengi ambao hawakumwona Mwalimu akiwa hai. Wao humfahamu kwa picha. Wakifundishwa kuuliza nani yumo katika picha, ameshika nini, ni siku gani na hati ya siku hiyo inasema nini, watayajadili masuala ya Muungano kwa hoja, na si kwa hisia walizorithi.