Harald Krabbe

Harald Krabbe (1831–1917) alikuwa daktari na mtaalamu wa minyoo kutoka nchini Denmark. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu tegu wa mbwa huko Iceland, kisiwa kilichokuwa chini ya Denmark wakati huo.

Alizaliwa Frederiksberg karibu na Copenhagen. Alisomea udaktari, kisha akafundisha katika chuo cha mifugo mjini humo. Mke wake, Kristín Jónsdóttir, alikuwa Mwiceland. Mtoto wao Knud alikuwa daktari wa neva, na ugonjwa wa Krabbe umepewa jina lake.

Utafiti

Katika karne ya 19 Waiceland wengi waliugua uvimbe wenye vifuko vya maji, hasa kwenye ini. Mwaka 1863 Krabbe alisafiri hadi kisiwani. Alipasua mbwa 100, akakuta tegu aina ya Echinococcus granulosus katika 28 kati yao. Yeye na daktari Jón Finsen waliwalisha mbwa vifuko vilivyotoka kwa wagonjwa, wakapata tegu walewale.

Njia ya maambukizi ilikuwa nyumbani kwenyewe. Kondoo alipochinjwa, mbwa walitupiwa ini na mapafu yenye vifuko. Tegu wakakua utumboni mwao, na mayai yakatoka na kinyesi, yakashika kwenye manyoya na vyombo, hatimaye yakaingia vinywani mwa watu. Tegu huyo ana urefu wa milimita chache tu, hivyo mwenye mbwa hakushuku lolote.

Kuua mbwa wote hakukuwezekana, kwa kuwa wafugaji waliwahitaji kukusanya kondoo milimani. Krabbe aliandika kijitabu kilichotolewa kwa Kiiceland mwaka 1864 na kugawiwa bure. Kiliwahimiza watu wazike au wachome viungo vyenye vifuko, na wapunguze mbwa. Karibu kila nyumba ilikuwa na msomaji, jambo lililosaidia sana. Sheria kuhusu mbwa zilifuata mwaka 1869 na 1890.

Matokeo

Vifuko hukua polepole, kwa hiyo wagonjwa waliendelea kuonekana kwa miaka mingi. Lakini maiti zilipochunguzwa Reykjavik katika karne ya 20, vifuko vilikutwa kwa wazee, huku waliozaliwa baada ya 1900 wakiwa karibu hawana kabisa. Mabadiliko ya ufugaji yalichangia pia, kwani kondoo wengi walianza kuchinjwa wakiwa wachanga, kabla vifuko havijakomaa.

Ugonjwa huohuo bado upo kwa wafugaji sehemu nyingine za dunia, wakiwemo Waturkana wa Kenya.