Rudolf Virchow na Fumbo la Saratani Inayosambaa

Miongoni mwa wanazuoni waliobadilisha jinsi binadamu anavyouelewa mwili wake mwenyewe, Rudolf Virchow wa Ujerumani hana budi kutajwa katika safu ya mbele. Ndiye aliyewafunza madaktari wa karne ya 19 kuutafuta ugonjwa ndani ya seli. Waliomtangulia, tangu enzi za Wagiriki, waliutafuta katika mchanganyiko wa majimaji ya mwili. Hata hivyo, maisha yake yamebeba kitendawili. Funguo mbili zilizohitajika ili kulifumbua fumbo la kusambaa kwa saratani kutoka kiungo kimoja hadi kingine zilikuwa mikononi mwake. Alipolifikia fumbo lenyewe, aliziweka kando, akayarejelea majimaji yale yale aliyokuwa ameyakosoa. Makala haya yanayafuatilia maisha yake kwa kuzingatia kitendawili hicho.

Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1821 katika mji mdogo wa Schivelbein, jimbo la Pomerania, katika ufalme wa Prusia. Mji huo leo umo nchini Poland na huitwa Świdwin. Babake alikuwa mkulima na mtunza hazina wa mji. Jamaa hiyo haikuwa na utajiri, lakini bidii ya kijana huyo ilimpatia nafasi mnamo 1839 katika chuo cha Berlin kilichowafunza bila malipo vijana waliotarajiwa kuwa madaktari wa jeshi. Alihitimu mwaka 1843, akaingia kazini katika Charité, hospitali maarufu ya Berlin. Huko alijitosa katika kazi ya kupasua maiti na kuvichunguza viungo vyao kwa hadubini, chombo ambacho madaktari wengi wa wakati huo walikuwa hawajakizoea.

Matunda ya kazi hiyo hayakukawia. Mnamo 1845, akiwa na umri wa miaka 24, alichapisha maelezo ya mgonjwa aliyefariki huku damu yake ikiwa imejaa chembe nyeupe kupita kiasi. Mwaka huo huo, John Hughes Bennett wa Edinburgh alikuwa ameeleza kisa kama hicho, naye akakichukulia kuwa ni usaha uliotapakaa katika damu. Virchow hakukubaliana naye. Alishikilia kwamba zile zilikuwa chembe za damu yenyewe zilizozidi idadi, kwa kuwa hapakuwa na jipu wala kidonda kilichoweza kuutoa usaha huo. Mnamo 1847 aliupa ugonjwa huo jina la lukemia, yaani damu nyeupe. Msomaji aliweke akilini jina hili, kwa kuwa tutalikuta tena.

Ufunguo wa kwanza ulipatikana katika miaka iyo hiyo. Madaktari waliokuta bonge la damu katika mishipa ya mapafu ya maiti waliamini kuwa lilizaliwa papo hapo, kutokana na kuvimba kwa mshipa. Virchow alishuku kwamba bonge hilo lilitoka mbali, aghalabu katika mishipa ya miguu, likachukuliwa na mkondo wa damu hadi lilipokwama. Ili kulithibitisha hilo, alitia vipande vya mpira katika mishipa ya shingo ya mbwa, kisha akavikuta mapafuni. Tukio hilo aliliita embolia. Kwa mara ya kwanza ikadhihirika bayana kwamba kitu kigumu kinaweza kusafiri katika damu kutoka sehemu moja ya mwili na kuleta maafa katika sehemu nyingine.

Mwanzoni mwa mwaka 1848, serikali ya Prusia ilimtuma Silesia ya Juu kuchunguza mlipuko wa homa ya tifasi. Aliwakuta wakazi waliozungumza Kipolandi wakifa kwa njaa na maradhi, huku watawala wao wakizungumza Kijerumani. Serikali ilitarajia ushauri wa dawa. Ripoti ya Virchow ilidai elimu, demokrasia, barabara, na matumizi rasmi ya lugha ya wenyeji. Hapana shaka kwamba mpenzi wa lugha atalitafakari pendekezo hilo la mwisho: daktari aliiona lugha kuwa sehemu ya tiba. Siku chache baada ya kurejea Berlin, mapinduzi yalizuka, naye akashiriki katika kuweka vizuizi barabarani dhidi ya askari wa mfalme. Msimamo huo ulimponza. Mwaka 1849 alisimamishwa kazi, akarudishwa kwa masharti, na hatimaye akahamia Chuo Kikuu cha Würzburg.

Ni katika utulivu wa Würzburg ndipo ufunguo wa pili ulipochongwa. Wataalamu wengi waliamini kwamba seli zinaweza kuchipuka zenyewe kutoka katika uoevu usio na umbo. Robert Remak, mtafiti Myahudi wa Berlin aliyenyimwa wadhifa wa uprofesa kamili, alikuwa ameeleza mnamo 1852 kwamba seli huzaliwa kwa kugawanyika kwa seli nyingine. Virchow aliitangaza kanuni hiyo mwaka 1855 kwa maneno machache ya Kilatini yaliyonata katika kumbukumbu za wanafunzi: kila seli hutokana na seli. Haki inatudai kusema kwamba Remak hakupewa sifa aliyostahili. Lakini Virchow ndiye aliyeigeuza kanuni hiyo kuwa msingi wa elimu nzima ya magonjwa. Berlin ilimwita tena mwaka 1856, na mwaka 1858 alitoa mihadhara 20 iliyochapishwa kuwa kitabu kuhusu patholojia ya seli. Kutokana na kitabu hicho madaktari walijifunza kwamba hata seli mgonjwa ina mzazi.

Baada ya hapo aliigeukia saratani. Kati ya 1863 na 1867 alitoa juzuu kubwa kuhusu uvimbe wa kila aina. Mtu angetarajia kwamba angeziunganisha funguo zake mbili: ikiwa kila seli hutokana na seli, na ikiwa vipande vigumu husafiri katika damu, basi uvimbe unaoota katika ini la mwanamke mwenye saratani ya titi hauna budi kutokana na seli zilizosafiri kutoka titini. Virchow aliutambua uwezekano huo, lakini hakuupa uzito. Alishikilia kwamba saratani huzaliwa katika tishu unganishi zilizotapakaa mwilini kote, na kwamba uvimbe wa kwanza hutoa majimaji yenye sumu yanayozichochea seli za kiungo cha mbali kugeuka saratani zenyewe. Mganga hajigangi. Aliyeyafukuza majimaji mlangoni aliyakaribisha tena dirishani.

Itakuwa ni kumwonea tukimhukumu kwa pupa. Sababu yake ilitokana na jambo aliloliona kwa macho yake katika maiti alizozipasua. Bonge la damu litokalo mishipa ya mguu hufuata njia moja, na kituo chake ni mapafu. Saratani haikuitii kanuni hiyo. Kulikuwa na wagonjwa wa saratani ya titi ambao ini lao lilikuwa limejaa uvimbe ilhali mapafu yao yalikuwa salama. Ikiwa seli husafiri kama bonge la damu, zilipitaje mapafuni bila kukwama? Swali lilikuwa halali. Kosa lilikuwa katika jibu.

Wengine walianza kulijibu vingine. Mnamo 1865 Karl Thiersch alionyesha kwamba saratani ya ngozi huzaliwa katika seli za tabaka la juu la ngozi, wala si katika tishu unganishi. Wilhelm Waldeyer, katika maandishi yake ya 1867 na 1872, aliupanua ushahidi huo hadi viungo vingine, akaeleza kwamba seli za saratani zenyewe ndizo zinazochukuliwa na damu na limfu. Huko Australia, mnamo 1869, Thomas Ashworth aliikagua damu ya maiti ya mgonjwa wa saratani, akaona ndani yake seli zilizofanana na zile za uvimbe.

Mjadala huu haukuwa wa vitabuni tu. Mwaka 1887 Friedrich, mrithi wa kiti cha ufalme wa Ujerumani, alipata uvimbe kwenye zoloto. Madaktari wa Berlin waliamini kuwa ni saratani, wakataka kumpasua upesi. Morell Mackenzie, daktari aliyeitwa kutoka Uingereza, alisisitiza kwamba kwanza vipande vya uvimbe huo vikaguliwe kwa hadubini, navyo vikapelekwa kwa Virchow. Katika vipande alivyopewa hakuona saratani, naye aliyafunga maelezo yake kwenye vipande hivyo pekee. Upasuaji uliahirishwa. Kufikia Novemba hapakuwa na shaka tena kwamba ni saratani, na mwezi Machi 1888 Waldeyer aliziona dalili zake katika makohozi ya mgonjwa. Friedrich alirithi kiti tarehe 9 Machi akiwa hawezi kusema, akatawala siku 99, na kufariki tarehe 15 Juni 1888. Mwanawe Wilhelm wa Pili akashika hatamu. Ulimwengu ulijifunza kwa uchungu kwamba kipande kisicho na saratani hakithibitishi kuwa mwili mzima hauna.

Mwaka uliofuata, swali la Virchow lilipata jibu lililoliheshimu. Stephen Paget, mpasuaji wa London, alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi. Ini lilikuwa na uvimbe katika 241 kati yao, lakini wengu katika 17 tu, ingawa viungo vyote viwili hupokea damu. Paget aliifananisha saratani na mmea: mbegu hupeperushwa kila upande, lakini huota pale tu inapoukuta udongo unaoifaa. Kwa hiyo Virchow aliona sawa kwamba njia ya damu pekee haitoshi kueleza mahali saratani inapoibukia. Kilichopungua katika maelezo yake kilikuwa mbegu.

Nje ya maabara, Virchow aliitumikia Berlin katika baraza la mji tangu 1859 hadi kufa kwake. Alipigania hospitali za umma na mfumo wa mabomba ya maji taka uliosanifiwa na James Hobrecht. Bungeni alimpinga Bismarck, ambaye mwaka 1865 alimwita wapigane ana kwa ana, naye akakataa. Ukaidi huo huo uliomfaa katika siasa ulimponza katika sayansi, kwa kuwa alisitasita kuikubali nadharia ya vijidudu hata ushahidi ulipokuwa umekithiri. Mnamo Januari 1902 aliruka kutoka kwenye tramu kabla haijasimama, akavunjika mfupa wa paja. Alifariki tarehe 5 Septemba mwaka huo akiwa na umri wa miaka 80.

Fumbo lake liliendelea kuishi. Mnamo 1994 watafiti wa Toronto, wakiongozwa na John Dick, walipandikiza ndani ya panya seli za wagonjwa wenye aina moja ya lukemia, ugonjwa ule ule alioupa jina. Waligundua kwamba takribani seli moja tu kati ya 250,000 iliweza kuuanzisha ugonjwa upya. Seli za namna hiyo ndizo ziitwazo seli shina za saratani. Mwaka 2003 kundi la Michael Clarke wa Chuo Kikuu cha Michigan lilipata jambo kama hilo katika saratani ya titi: seli 100 za aina fulani zilitosha kuzaa uvimbe, ilhali makumi ya maelfu ya seli nyingine yalishindwa. Kisha, mwaka 2008, watafiti wa chuo hicho hicho walipandikiza seli za melanoma katika panya wenye kinga dhaifu zaidi, na takribani seli moja kati ya nne ikaota. Idadi ya mbegu zilizohesabiwa ilibadilika baada ya udongo kubadilika. Kwa daktari anayemtibu mgonjwa, maana yake ni nzito: dawa inayoupunguza uvimbe lakini ikaziacha seli hizo chache huenda ikauacha ugonjwa urudi.

Kanuni ya Virchow kwamba kila seli ina mzazi ndiyo inayoziongoza tafiti hizo hadi leo. Madaktari nao, wanapompima mgonjwa wanayemshuku kuwa na saratani ya tumbo, hupapasa juu ya mtulinga wa kushoto wakitafuta tezi iliyovimba, ishara kwamba saratani imekwisha kusafiri. Tezi hiyo aliieleza yeye mwenyewe mnamo 1848, nayo inaitwa kwa jina lake.