Sidi Mubarak Bombay: Aliyetembea Kutoka Pwani Hadi Pwani

Vijana wetu wanawajua Burton, Speke na Stanley. Mtu aliyewashika mkono njiani wengi hawamjui.

Sidi Mubarak alizaliwa Uyao yapata mwaka 1820. Angali mtoto alitekwa, akauzwa Kilwa, akapelekwa Gujarat, Bara Hindi. Bwana wake alipofariki aliachwa huru, akarudi Unguja na kuingia katika jeshi la Sultani. Mwaka 1857 Burton na Speke walimkuta kwenye ngome ya Chogwe, karibu na mto Pangani. Speke hakujua Kiswahili, bali alijua Kihindustani, na Mubarak vilevile. Lugha ya utumwani ikampatia kazi.

Akaenda nao Ujiji, kisha akafuatana na Speke safari ya Nile, 1860 hadi 1863. Mwaka 1871 alisimamia askari wa Stanley kumtafuta Livingstone.

Safari yake kubwa ilianza 1873 pamoja na Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Waliondokea Bagamoyo, mji ambao wazee husema ndipo pagazi alipobwaga moyo kwa furaha ya kutua mzigo. Wengine husema ni mateka aliyeuacha moyo wake hapo kabla ya kuvushwa bahari. Wakapita Ugogo, ambako watemi walitoza hongo kwa njia na maji, hadi Tabora, kituo kikubwa cha Waarabu wa Omani. Hapo waliwakuta Chuma na Susi wakirudisha pwani mwili wa Livingstone. Nyangwe walikutana na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, naye akawasaidia kushika njia ya kusini. Novemba 1875 wakaiona bahari ya magharibi Katombela, Angola. Ilikuwa miaka 2 na miezi 8.

Haki isemwe: wafanyabiashara Waarabu kutoka Unguja walikwisha fika Benguela mwaka 1852, ila hawakutangazwa.

Mubarak alipigwa na kulaumiwa na wakubwa wake, lakini kila msafara mpya ulimtafuta yeye. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha. Alifariki 1885.

Wengi wetu tuna babu aliyekuwa katika misafara ile, mwenye mali au mbeba mzigo. Tuwatajie watoto wote wawili, kwa majina yao.